Maneno Yaliyopita Mdomoni mwa Suqin

Jussara alikikunja kiatu mpaka ncha ikakaribia kisigino, na soli ikaachia mdomo. Gundi ilinyumbuka kama ute, kisha ikakatika. Alikiweka mezani, katikati ya chumba cha sampuli, kile kinywa kikimwelekea Bosi Zhong, akamgeukia mkalimani wake.

"Mwambie gundi hii si ile tuliyokubaliana. Mwambie ameibadilisha akidhani mimi kipofu. Huo ni wizi, na aambiwe hivyohivyo: wizi."

Suqin alikuwa ameketi kati yao, mikono mapajani, nywele kazibana nyuma kama mwanafunzi ingawa ujana ulikuwa umeanza kumpa kisogo. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia Bosi Zhong maneno kwa Kihakka, lugha ya kwao wawili hao, kwa sauti tulivu isiyopanda wala kushuka. Maneno yalikuwa mengi. Bosi Zhong, mtu mnene mwenye kucha zilizokolea rangi ya kutilia ngozi za viatu, alikitazama kiatu, akamtazama Jussara, akatabasamu. Kisha akamsogezea sahani ya karanga za kuchemsha.

"Anasema atafuatilia," Suqin alisema kwa Kireno. "Na anakukaribisha karanga."

Jussara hakuzigusa. Mtu hawezi kuitwa mwizi ndani ya kiwanda chake, mbele ya msimamizi wake, akajibu kwa karanga. Labda haoni haya. Au labda ana mtu wake upande wa pili wa meza.

Wazo hilo la pili lilimganda kama vumbi la ngozi lililokuwa likiingia mpaka katika kope zake. Aliondoka nalo kiwandani, akapanda nalo lifti hadi nyumbani kwake, akalala nalo.

Alikuwa Dongguan, kusini mwa China, kwa karibu mwaka sasa, mkaguzi wa ubora wa kampuni ya Kibrazili iliyoagiza viatu vya kike. Kwao ni Novo Hamburgo, mji wa Brazili uliokula, kuvaa na kusomesha watoto kwa viatu, mpaka wanunuzi walipohamisha oda zao. Jussara alikuwa bado shule ya msingi pale kiwanda alichoshonea mama yake kilipofunikwa mashine zake kwa mashuka, kama samani za nyumba yenye msiba. "Kazi imekwenda China," watu wazima walisema, kwa sauti ileile waliyomsemea mwanamume aliyehamia kwa mke mwingine. Jussara alipopata ajira hii, mama yake hakufurahi wala hakukasirika. Aliosha vyombo vyote kwanza, akakausha mikono, akasema, "Kaiangalie vizuri mikono yao." Jussara aliyapokea maneno hayo kama agizo. Alikuja Dongguan kama askari anavyokwenda kwenye nyumba iliyovunjwa na wezi.

Na mtu aliyekuja kutafuta mwizi hakosi nyayo. Mlinzi wa geti alimwuliza kila jioni kama ameshakula, ndiyo salamu ya huko. Jussara aliamini anaweka hesabu ya saa zake za kurudi. Jirani wa ghorofa yake aliacha mlango wazi nusu kila lifti ilipofika. Kina mama waliocheza uwanjani kwa muziki wa spika walipunguza miguu alipopita, wakanong'onezana. Simu yake ndiyo iliyolipa nauli, iliyofungua mlango, iliyoagiza wali na supu, na wakati mwingine aliitazama akajiuliza inamwambia nani hayo yote. Majira ya chemchemi yalipoingia, kuta zilitoka jasho, taulo hazikukauka, na mkoba wake wa ngozi ukaota ukungu usiku mmoja. Hata hilo alilichukulia kama uchokozi.

Wabrazili wenzake, waliokusanyika Jumamosi mgahawani kula nyama, walimwongezea kuni. "Mkalimani wako ni Mhakka, na Zhong ni Mhakka," mmoja alimwambia akitafuna. "Wilaya moja hao. Wewe ni mgeni wa harusi, binti. Unadhani utaambiwa mahari?"

Basi akaanza kumchunguza Suqin. Alimwona akipokea simu kwenye ngazi za kiwanda na kuikata aliposikia viatu vya Jussara. Alimwona mke wa Zhong akimpa mfuko mweusi wa plastiki, mzito, na Suqin akiusukuma upesi ndani ya buti la gari lake dogo.

"Nini hicho?"

"Figili kavu, dada. Za mama yake Bosi."

"Zote hizo?"

"Tunapenda figili," Suqin alisema, akafunga buti.

Simu ya Jussara ilijua kutafsiri Kichina cha taarifa ya habari, lakini Kihakka ilikitema. Iliandika upuuzi juu ya mvua na bata. Akaona njia ni moja. Walipokwenda tena kwa Zhong, aliiwasha simu irekodi, akaiweka kifudifudi kando ya sahani, akasema anakwenda kuona maboksi ghalani. Ghalani alisimama mbele ya maboksi bila kusoma hata lebo moja, moyo ukimpiga kama yeye ndiye aliyeiba.

Mtu wa kumsikilizia alikuwa Ping. Huyu alikuwa Mhakka vilevile, lakini ameolewa na Mbrazili, na ndiye mwenye ule mgahawa wa nyama. Kireno chake alikijifunzia jikoni kwa mumewe, ndiyo maana kilikuwa fasaha na kimejaa matusi. Ilikuwa alasiri, mgahawa mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza. Ping alimenya vitunguu saumu, simu ikasema peke yake kati yao.

Mwanzoni alisikiliza tu. Kisha kisu kikasimama. Kisha akacheka mpaka akajifuta macho kwa kiwiko.

"Anasema nini, Dada Ping?"

"Ngoja kwanza, mwanangu. Huyu mwanamume anauliza, 'Leo mgeni wako kasemaje hasa?' Msichana anasema, 'Kasema gundi haishiki. Kasema kama mwenye kuwauzia gundi anawasumbua, mwambieni yeye mgeni, asije akapata hasara mtu asiye na kosa.'"

"Mimi sikusema hivyo."

"Najua hukusema. Nakujua." Ping aliirudisha sauti nyuma, akasikiliza tena. "Mwanamume anasema, 'Na uso ule?' Msichana anasema, 'Uso ule ni wa kwao. Akihuzunika anaonekana kama amekasirika. Mama yake alishona viatu, kiwanda kikafungwa. Akiona soli imefunguka anaumia.' Mwanamume anasema, 'Zifunguliwe zote?' Na msichana anasema, 'Zote, mjomba. Zibandikwe upya. Nitamwambia ulikubali bila kusukumwa.'"

Jussara alikaa. Kiti kilichokuwa juu ya meza kilitikisika alipoiegemea meza hiyo.

"Amekuwa akinigeuza."

"Mwaka mzima, kwa ninavyosikia. Huyu mtu anayezungumza naye Zhong si wewe. Ni mwanamke mwingine kabisa." Ping alikiokota kisu. "Mwema kuliko wewe, kama utanisamehe."

"Na zile figili?"

"Figili hazikutajwa."

Alirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima hakujua lipi limemuuma zaidi. Alikuwa amemshuku Suqin kwa kumwibia, na kweli ameibiwa: maneno yake yote, makali aliyoyanoa usiku kucha, yaliishia hewani, na mahali pake akasimamishwa mtu mpole mwenye huzuni ambaye Jussara hakupata kukutana naye. Watu waliomkaribisha karanga walikuwa wakimkaribisha yule. Tabasamu zote zilikuwa zake yule. Aliona haya, kisha aliona hasira, kisha haya tena, na mlinzi alipomwuliza kama ameshakula, kwa mara ya kwanza alijibu.

Asubuhi Suqin alimpitia kwa gari waende kwa Zhong kukagua viatu vilivyobandikwa upya. Walikwama nyuma ya malori ya makontena. Vifuta kioo vilikwenda na kurudi juu ya manyunyu yasiyokuwa mvua hasa.

"Mjomba," Jussara alisema. "Kumbe Zhong ni mjomba wako."

Suqin hakugeuza shingo. "Kwetu mtu mzima yeyote ni mjomba." Lori lilisogea kidogo, naye akasogea. "Nani alikusikilizia? Ping?"

Jussara alihisi masikio yakipata moto. "Ulijua?"

"Dada, wewe simu yako huiachi hata ukienda msalani. Siku hiyo umeilaza mezani, kifudifudi, halafu ukaenda kutazama maboksi yaliyokwisha kukaguliwa." Alisema bila kejeli, kama mtu anayesoma bango la njia. "Nilijua kabla hujafika mlangoni."

Ndani ya gari mkawa hakuna hewa. Jussara alishusha kioo, akapandisha tena kwa moshi wa malori.

"Basi yale uliyoyasema, uliyasema ukijua nitayasikia."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo huenda uliyasema kwa ajili yangu. Yote. Mama yangu, uso wangu, soli."

Dereva wa nyuma alipiga honi, Suqin akasogeza gari. "Sasa unataka nikujibu nini? Nikikubali, mimi ni mwongo. Nikikataa, utaniamini?"

"Kwa nini unayageuza maneno yangu?"

"Ukimwita mtu mwizi mbele ya wafanyakazi wake, hatabandika soli. Atafunga geti. Wewe ulikuja kutafuta viatu au kutafuta geti?"

"Hayo niachie mimi. Wewe kazi yako ni kutafsiri."

"Kazi yangu ni kuketi katikati," Suqin alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipata ncha. "Wewe ukimaliza kutukana unanyamaza. Yeye akimaliza kutukana ananyamaza. Mimi ndiye ninayeyatamka yote mawili. Unadhani hanitukani? Unadhani hakutukani? Mwezi wa kwanza alisema jambo juu yako ambalo nitakwenda nalo kaburini."

"Alisema nini?"

"Nitakwenda nalo kaburini, nimekwambia."

Jussara alicheka bila kutaka. Kilikuwa kicheko kifupi, kibaya, kikafa chenyewe. Malori yaliachana, barabara ikafunguka.

"Ukitaka mkalimani mwingine, yupo kijana wa Macau," Suqin alisema alipokuwa akikata kona ya kiwanda. "Kireno chake kinang'aa kuliko changu. Atakupelekea neno kwa neno, halipungui hata moja. Sema tu, nikupe namba yake."

Bosi Zhong alikuwa ameshapanga viatu mezani, safu nzima, na nyuma yake walisimama msimamizi na mwanamke mmoja wa mashine ya kubandika, aproni yake imekakamaa kwa gundi. Hapakuwa na karanga. Jussara alichukua cha kwanza, akakikunja. Kikashika. Cha pili kikashika. Aliendelea, na kila kiatu kilichonyooka bila kufunguka kiliwashusha mabega kidogo watu waliokuwa mbele yake, mpaka alipofika karibu na mwisho wa safu, akakunja kimoja, akakisikia kabla ya kukiona: mlio mdogo, kama ulimi unaoachana na kaakaa.

Soli ilikuwa imeachia upande mmoja. Upana wa ukucha, si zaidi.

Mwanamke wa gundi alitazama sakafu. Bosi Zhong alimtazama Jussara, naye Jussara aliwaza: anamtazama yule mwingine. Anangoja kuona huzuni. Akajiuliza uso wake wakati ule ulionyesha nini, na akagundua kwamba hajui.

"Mwambie unavyoona wewe," alimwambia Suqin taratibu.

"Hapana," Suqin alisema. "Sema kwanza. Siwezi kutafsiri kitu ambacho hujakisema."

Simu ilikuwa mfukoni. Angeweza kuitoa, akazungumza, ikamtolea Kichina chake kikavu cha taarifa ya habari, na Bosi Zhong angeelewa kila neno bila mtu katikati. Vidole vyake viliigusa. Kisha akavitoa, akaviweka juu ya kiatu.

"Mwambie hivi vyote vimeshika," alisema, akimtazama Zhong badala ya Suqin. "Hiki hakijashika. Sijui kwa nini. Nataka kujua kwa nini."

Yalikuwa maneno machache. Suqin aliyapokea, akaanza. Jussara alisikiliza jinsi yalivyokuwa yakirefuka, yakipinda, yakipita mahali ambapo yeye hakuyapeleka. Alisikia neno lililofanana na jina lake. Alisikia pumziko ambalo halikuwa lake. Bosi Zhong hakutabasamu safari hii. Uso wake ulijifunga, ukafunguka, na Jussara hakuweza kusoma kilichopita hapo katikati. Kisha akainuka kwa uzito wake wote, akakichukua kile kiatu mkononi kama anavyochukuliwa ndege aliyejeruhiwa, au kama kinavyochukuliwa kitu cha kwenda kutupwa, akatoka. Msimamizi na mwanamke wa gundi walimfuata.

"Umemwambia nini?"

"Ulichosema."

"Nilisema kifupi."

Suqin alinyoosha safu ya viatu mezani. Chini yao, kwenye ukumbi wa mashine, sauti ya Zhong ilipaa, ukali au haraka, haikuwa rahisi kutofautisha. Mashine moja ikazimwa. Ikafuata ya pili, na ya jirani yake, na ukimya ukatambaa sakafu nzima ya kiwanda hadi ukapanda ngazi na kuingia chumbani walimokuwa. Walikuwa wanazima ili watafute kosa, au walikuwa wanazima kwa sababu biashara kati yao imekwisha. Jussara alitega sikio na hakupata hata dalili. Alimgeukia mwanamke aliyeketi kando yake.

"Tungoje," Suqin alisema kwa Kireno, na hilo, angalau, Jussara alilielewa mwenyewe.