Banatafuta Bwana, Tumbo Iko Wazi

Muniache niseme, juu hasira iko inaniwaka mpaka leo.

Mimba ilikuwa ya miezi saba wakati docta Anselme aliniambia wazi: "Mama Nkandu, balisha kukupasua mara mbili, hii itakuwa ya tatu. Kovu ya kizazi iko laini. Mimba ingine ya mbio-mbio inaweza kukuua." Akanielezea stérilet, kale kaplastiki ka kuzuia mimba. Saa yake ya muzuri ni palepale pa meza ya kupasulia: mutoto anatoka, kondo ya nyuma inatoka, banakaweka mu kizazi kabla ya kukishona. Dakika kumi tu. Zikipita, ni kungoja juma sita. Nikaitika, nikaweka saini yangu pa fishi, karatasi ya hospitali. Bwana yangu Symphorien alijua yote. Lakini siku ya kuzaa alikuwa mbali, ku Kasomeno, kununua mahindi.

Siku ya kupasuliwa balinipiga sindano mu mugongo. Miguu ikakufa, lakini masikio, jameni, masikio ilikuwa mizima! Nikasikia mutoto analia. Nikasikia docta anasema: "Kondo inatoka. Leta stérilet." Na Clotilde, infirmière mwenye kumusaidia docta, akajibu: "Docta, saini ya bwana haiko pa fishi."

Saini ya bwana! Kizazi ni ya nani?

"Miye niliweka saini!" nikalalamika nyuma ya kitambaa chenye balitundika mbele ya uso yangu. "Niko hapa!"

"Maman, tulia," Clotilde akasema. Akakamata telefone, akapigia Symphorien. Ikalia, ikakatika. Akapiga tena, ikakatika tena. Docta anaangalia saa ya ku ukuta. Hata muntu moja haniulizi kitu! Tumbo yangu iko wazi mbele yao, na bao banatafuta mwenye tumbo ku Kasomeno. Aibu gani hii?

"Damu inatoka mingi, siwezi kungoja," docta akasema. Akaanza kushona kizazi. Nikalia, na haikuwa juu ya maumivu, juu sindano ilikuwa inafanya kazi yake vizuri. Nililia na hasira.

Alipomaliza kufunga kizazi, njo Symphorien akaitika telefone. Clotilde akaiweka haut-parleur, bote tusikie.

"Papa, unakubali tuweke bibi yako stérilet?"

"Munaniuliza miye juu ya nini?" Symphorien akauliza. "Bibi yangu alikufa?"

"Hapana papa, iko hapa pa meza."

"Anasema?"

"Anasema."

"Basi mumuulize yeye!"

Njo docta akainama juu ya kitambaa, akaniangalia mu macho mara ya kwanza siku ile.

"Maman, bwana anakubali. Lakini tulisha kufunga. Utarudia kisha juma sita."

"Na nikifika pale na mimba, docta," nikamuuliza, "utaomba saini ya nani juu ya kunizika?"

Docta akarudia kushona ngozi.