Akina Thomas Wawili wa Wensham

Kazi yangu ni kusoma wosia wa Waingereza waliokufa zamani. Majirani hapa Katoloni wakiniuliza nashinda nikifanya nini kwenye kompyuta, huwa nawaambia ni kazi ya ofisi, kwa sababu ukweli unahitaji maelezo marefu. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa karani wa parokia kule Kangundo. Nilijaza vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi kwa mkono wangu, na macho yakazoea miandiko mibaya ya mapadri. Mume wangu alipofariki nikahamia huku Katoloni, Machakos mjini, na huko mtandaoni nikakuta watu wanaotafuta wasomaji wa miandiko ya kale. Nilijifundisha miezi minane, peke yangu, hadi nikaweza kusoma herufi zao zilizojikunja kama minyoo.

Ndugu yangu Mwelu alikuja kwangu kiwanda alikofanya kazi Athi River kilipopunguza wafanyakazi. Namzidi kwa miaka tisa. Yeye ndiye aliyeenda chuo kikuu. Mimi niliishia kidato cha nne ili yeye asome, na sijawahi kumwambia neno juu ya hilo. Nilimpa kitanda cha binti yangu aliyeko shule ya bweni, kisha nikamfundisha kazi.

Alishika haraka mno. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Mteja wetu mkubwa alikuwa Rosemary Averill, mwalimu mstaafu anayeishi mashambani Uingereza. Babu zake walikuwa wakulima wa kijiji kiitwacho Wensham, naye alitaka kujua ukoo umetoka wapi. Alitutumia picha za vitabu vya kanisa na wosia, mamia ya kurasa, nasi tukawa tunampangia: nani alimzaa nani, nani alioa wapi, nani alizikwa lini. Mwanzoni alikuwa akinipigia mimi, Kaluki. Tulionana kwa video ya simu kila Alhamisi, akinionyesha paka wake na maua yake.

Halafu Mwelu akagundua wosia wa Robert Averill. Huyu Robert alikuwa mtu mwenye nacho: ng'ombe kumi na wanne, kitanda cha manyoya, sufuria ya shaba aliyomwachia mkewe, na mashamba aliyowaachia "wanangu wa kiume" bila kuwataja majina. Kupitia kwake ukoo ulirudi nyuma zaidi ya miaka mia moja. Mimi nilikuwa nimepita ukurasa ule mara mbili nikidhani ni wa mtu mwingine.

Rosemary alilia kwa furaha. Kuanzia siku hiyo simu ikiita neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwelu yupo?"

Nilikuwa nikimpa Mwelu simu na kwenda jikoni. Nasikia wanacheka. Nasikia Rosemary akimwambia ana jicho la ajabu. Jicho alilipata wapi, kama si kwangu? Hata mama alinipigia kutoka Kangundo akasema, "Nasikia Mwelu amekusaidia sana na hiyo kazi yako." Nikasema ndiyo, mama, amenisaidia. Nilipokata simu nikaona nimeshika ukingo wa meza kama mtu anayetaka kuipindua.

Mwezi wa Aprili Mwelu alimaliza ripoti ya ukoo. Akaniletea karatasi zote pale mezani.

"Dada, niangalizie kabla sijatuma. Macho yako ndiyo naamini."

Nilikaa nayo mchana kutwa. Shida ilikuwa kwa babu mmoja, Thomas Averill, aliyeoa mwaka 1694. Kitabu cha ubatizo kilikuwa na akina Thomas wawili: mmoja mtoto wa Robert tajiri, aliyebatizwa Agosti 1668, wa pili mtoto wa William, kibarua asiyeacha wosia wala chochote. Mwelu alichagua wa Robert. Pembeni alikuwa ameandika kwamba kuna Thomas mtoto wa Robert aliyezikwa Februari 1668, lakini huyo si wetu, kwa kuwa alizikwa kabla wetu hajazaliwa.

Nilisoma mstari huo nikajua mara moja. Zamani zile mwaka wa Waingereza ulianza mwishoni mwa Machi. Februari 1668 ilikuja baada ya Agosti 1668, si kabla. Mtoto wa Robert alikufa akiwa na miezi sita. Thomas aliyeoa alikuwa yule wa kibarua, na ukoo ulikatikia hapo.

Hilo la Machi nilimfundisha wiki ya kwanza kabisa. Alikuwa amesahau.

Mwelu alikuwa akifua nje, akiimba. Nilimwangalia dirishani. Nikafunga karatasi na kumwambia, "Iko sawa. Tuma."

Siwezi kudai kwamba nilipitiwa. Nilitaka akosee mbele ya Rosemary. Niliona jinsi siku moja mtu wa huko angegundua, na Rosemary angeuliza, "Kaluki yupo?"

Sifa zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia. Rosemary alisema Julai ukoo mzima utakutana katika kanisa la Wensham, watu zaidi ya themanini, na wataweka ubao wa mbao wenye majina ya wazee wote tangu mwanzo. Mwelu alitumiwa picha ya mchoro wa majina hayo kabla hayajachongwa. Akaifanya ionekane kila akiwasha simu. Nilikula nikiiona, nikalala nikiiona. Furaha niliyoingojea haikuja. Wivu ulibaki palepale, na sasa uoga ulikaa juu yake.

Ilikuwa Alhamisi, wiki tano baadaye. Nilikuwa nikichagua maharagwe, Mwelu yuko mezani na simu.

"Fundi anaanza kuchonga Jumatatu," Rosemary alisema. "Nakuuliza kwa mara ya mwisho, mwanangu. Una uhakika na Robert?"

"Kabisa," Mwelu akajibu. "Dada yangu alipitia kila mstari. Yeye ndiye mwalimu wangu. Akisema iko sawa, iko sawa."

Niliweka sinia chini. Nilienda nikasimama nyuma ya kiti chake hadi Rosemary akaniona.

"Si Robert," nikasema. "Mtoto wa Robert alikufa mdogo. Babu yako ni mwana wa William, yule kibarua."

Nikamweleza habari ya Februari na Machi. Rosemary akauliza nimejua lini.

"Sasa hivi," nikamdanganya. "Imenijia sasa hivi."

Alishukuru, ingawa sauti ilikuwa imeshuka. Alisema ataandika William. Simu ikakatika.

Mwelu hakugeuka. "Dada, wewe hukosei tarehe."

Nilirudi kwenye sinia yangu ya maharagwe.

"Ulijua lini?"

"Siku ile uliponipa."

"Wiki tano." Ndipo akageuka. "Kwa nini?"

"Nilitaka ukosee."

Nilingoja apige kelele. Ingekuwa nafuu. Alinitazama tu, macho yakajaa machozi, akasema polepole, "Na mimi nilikuwa nafikiri unafurahi. Kila akinisifu nilikuwa nafikiri, leo dada ataona hakunifundisha bure."

Jumamosi alihamia Tala, akapanga chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilimsaidia kubeba godoro hadi barabarani. Tuliongea habari ya godoro pekee.

Rosemary aliendelea kufanya kazi naye. Mimi aliniandikia mara moja, barua ya adabu. Ubao uliwekwa Julai ukiwa na William mwanzoni, neno "kibarua" chini ya jina lake. Nilimwuliza mama kama Mwelu alimweleza kwa nini alihama. Mama akasema, "Alisema anataka tu kujitegemea." Kumbe alinisitiri. Hata wema wake huo niliuonea wivu, kwa sababu mimi nisingeuweza.

Miezi miwili ilipita bila ujumbe. Halafu Jumanne moja, saa nne asubuhi, picha ikaingia: kipande cha orodha ya mali ya marehemu, neno moja limezungushiwa duara. Chini Mwelu ameandika: "Dada, hii ni nini? Nimeshindwa."

Juu ya ukurasa niliona jina la ukoo nisioujua. Amepata mteja mwingine, bila mimi. Wivu ukanirudia, ule ule wa siku zote. Nikaipanua picha kwa vidole, nikafuata wino taratibu, herufi kwa herufi, mara ya pili na ya tatu, nisije nikakosea.

"Ni gurudumu la kusokotea sufu," nikamwandikia. "Karani amekosea tahajia."

Akajibu, "Asante." Kisha, baada ya muda: "Niko na zingine sita."

"Zitume," nikasema.