Mtoto wa Kupokelewa

Perpetua alipomwambia baba yake kwamba anasoma hisabati kwenye simu, mzee Isidori alitaka kuziona hizo namba. Akaonyeshwa. Akaisogeza simu mbali kidogo na macho, akaona herufi, mishale na maduara. "Hesabu gani hizi zisizo na namba?" akauliza, na tangu siku hiyo kila mgeni aliyefika kwao Tlawi aliambiwa kwamba binti yule pale anasoma hesabu zisizo na namba, na anazifaulu.

Zilikuwa hisabati diskriti, somo la mwaka wa kwanza la kompyuta katika chuo kinachofundisha kwa mtandao. Asubuhi Perpetua alipalilia vitunguu saumu na mama yake. Mchana alipanda kilimani nyuma ya nyumba, ambako mtandao haukuwa na maringo, akajifunika kitenge kichwani ili jua lisipige kioo, akamsikiliza mwalimu. Chuo kiliwapanga wanafunzi wawili wawili wafanye kazi pamoja. Yeye akapangiwa Alex Gidabuday, Mdatoga wa uwanda wa Hanang, aliyefuatilia masomo huku akichunga ng'ombe wa baba yake. Mara nyingi katikati ya hoja nzito alisema "subiri," kisha unamsikia anamfokea ndama.

Unajua mambo haya yanavyokwenda. Mwanzoni waliongea habari za seti. Baadaye waliongea habari za seti na habari nyingine. Walipokutana Dongobesh siku ya mnada, wakatambuana kwa sauti, hesabu hazikutajwa kabisa. Mvua zilipoisha, Alex alikuwa amekwisha kumwambia baba yake mkubwa kwamba kuna nyumba huko Tlawi anataka waende wakabishe hodi, na Perpetua alikuwa amekwisha kumwambia mama yake, Verediana, ambaye alijifanya hajui. Hakuna aliyepinga. Mdatoga kumwoa Mwiraqw si habari ya kusimamisha watu njiani. Na kwa kuwa walikuwa makabila tofauti, hakuna aliyeona haja ya kuuliza ukoo. Wairaqw wawili wangeulizana hilo kabla chai haijapoa, maana watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata wapendane namna gani.

Siku ya ugeni ikiwa imekaribia, mwalimu akawapa kazi. Chagueni uhusiano wowote katika maisha yenu, alisema, mwonyeshe kama unawagawa watu katika makundi yasiyoingiliana. Perpetua akachagua ukoo. Kila mtu ni wa ukoo mmoja na nafsi yake. Nikiwa wa ukoo wako, wewe pia ni wa ukoo wangu. Na kama wewe na yule ni wamoja, basi mimi na yule ni wamoja. Masharti matatu, yote yametimia.

"Na mtu aliyepokelewa?" Alex akauliza. "Amezaliwa kwingine, ukoo mwingine ukamlea?"

Hilo Perpetua hakuhitaji kulifikiria. Kutoka pale kilimani alimwona mdogo wake, Judica, akianika nguo uani. Mama mzazi wa Judica alifariki akijifungua, baba yake akaondoka asionekane tena, na Isidori akamchukua mtoto angali mchanga. Alimpaka siagi utosini mbele ya majirani, akataja jina la ukoo, na kwa desturi yao mambo yakaishia hapo: Judica akawa mtoto wa nyumba. Shuleni mtoto mmoja aliwahi kumwita wa kuokotwa, na Perpetua akamrarua sare.

"Yumo," akasema. "Judica ni wa baba, baba ni wangu, halafu Judica asiwe wangu? Sharti la tatu linavunjika."

"Hata kama baadaye alirudi kwao?"

"Hata kama alirudi. Ukishaingia umeingia."

Alex akacheka. Akasema basi ana ndugu wengi asiowajua huko milimani, maana baba wa babu yake alilelewa na Wairaqw wakati wa njaa. Perpetua naye akacheka. Wakaituma kazi, wakapata alama za juu kuliko darasa zima. Mtu anatamani sana mmoja wao angeuliza ni Wairaqw gani. Hawakuuliza, walikuwa na haraka ya kupendana.

Wageni walifika wamejifunga lubega safi, wamebeba asali. Shikamoo zikapita kwa mpangilio wake, viti vikatosha, Judica akaanza kuzungusha chai. Mzee Gidabuday, baba mkubwa wa Alex, alikuwa msemaji mzuri, na kabla ya kutaja kilichowaleta akaona awape wenyeji heshima.

"Sisi si wageni wa milima hii," akasema. "Babu yetu aliletwa huku mtoto, njaa imewamaliza watu wake. Kulikuwa na mzee anaitwa Matle, wa hapa hapa Tlawi. Huyo ndiye alimchukua, akampaka siagi, akampa jina la kwake. Alikaa mpaka akawa kijana, ndipo akarudi kwa ng'ombe. Mpaka leo tukichinja, Matle tunamtaja."

Alikuwa anashukuru tu, maskini.

"Matle ni baba wa babu yangu," Isidori akasema polepole. "Babu alinisimulia habari za yule mtoto. Hatukujua aliishia wapi."

Wazee wakainuka, wakashikana mikono kwa furaha ya kweli, na furaha hiyo ikadumu mpaka walipokumbuka kilichowakutanisha. Wakakaa. Verediana akashusha sahani aliyokuwa ameishika. Alex alikuwa amekwisha kuelewa. Perpetua alimwona akiinamisha kichwa, akajua anakumbuka maneno yao ya kilimani.

Isidori alimpenda bintiye, lazima lisemwe. Akatafuta upenyo.

"Njia ipo moja," akasema. "Tukisema yule mtoto alilishwa tu, hakuwa mtoto kweli wa Matle, basi hawa ni watu baki na waoane. Mzee mwenzangu, unaonaje?"

"Mwenye nyumba ni wewe," Mzee Gidabuday akajibu. "Ukisema alilishwa tu, sisi tutakubali."

"Mimi sikusoma. Perpetua ndiye anasoma hayo mambo ya nani ni wa nani. Haya mwanangu, sema. Aliyepokelewa ni mtoto, au si mtoto? Utakavyosema wewe ndivyo tutakavyokwenda."

Alex akainua macho. Alimtazama Perpetua, na macho yake yalimwomba. Neno moja tu. Lilikuwa tayari mdomoni, na Perpetua alilitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Judica alikuwa amesimama katikati ya chumba na chupa ya chai. Hakumtazama dada yake. Aliangalia chini na, taratibu, bila kelele, akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, kama mgeni anayepisha wenye nyumba wazungumze.

"Ni mtoto, baba," Perpetua akasema. "Judica, njoo ukae."

Wazee wakala pamoja kama ndugu, maana ndivyo walivyokuwa. Alex hakula. Perpetua alimkuta nje, ameshika ukuta.

"Ungesema tu," Alex akamwambia.

"Ningesema. Halafu yule ndani ningemwita nani?"

Alex akajifuta uso kwa kiganja. "Ndilo hilo. Ningepata hata sababu ya kukuchukia, ingekuwa nafuu."

Wakaondoka jua likiwa bado juu. Perpetua akaingia chumbani, akalia mpaka sauti ikakauka. Judica akaja akalala nyuma yake, akamshika. Hakuna aliyemshukuru mwenzake, na ni vizuri.

Siku nyingi hakupanda kilimani. Alipopanda, masomo yalikuwa yamemwacha nyuma, na chuo hakikuwa na habari za mtu kuvunjika moyo; jina lake lilikuwa bado limepangwa na la Alex. Simu ilipopata mtandao, ujumbe wa Alex ukaingia. Haukuanza kwa majina yale aliyozoea kumwita.

"Dada, swali la nne limenishinda. Tusaidiane."

Perpetua alikaa chini kwenye majani. Aliliangalia lile neno la kwanza mpaka kioo kikazimika, akakiwasha, akaliangalia tena. Lilikuwa sahihi. Yeye mwenyewe ndiye aliyelithibitisha. Akaandika, "Sawa, kaka." Akalifuta. Akaandika "Sawa" peke yake, akaona halitoshi, akaongeza "kaka," akatuma.