Waya wa Qamara

Meneja wa shamba la ngano alitaka kujua nani anaichimbua njia ya kwenda bwawani: matrekta yake, au ng'ombe wa mfugaji Qamara, walioipita kabla eneo la Getanuwas halijasikia habari za ngano. Badala ya kumuuliza Qamara, akamwita fundi umeme wa shamba, Hermani.

"Rahisi, Bwana Meneja," Hermani alisema huku akichora betri mbili ubaoni. "Waya ukilishwa na betri mbili, unaondoa moja, mahali pake unaweka waya mtupu, unapima mkondo. Kisha unairudisha, unaondoa ya pili, unapima tena. Mwisho unajumlisha. Mikondo ikikabiliana, unatoa."

"Safi. Tuanze kumwondoa Qamara."

Wakamwondoa kweli. Mke, mitungi, kuku, vyote juu ya lori mpaka kilimani kusiko na tone la maji. Matrekta yakapita peke yake, yakapimwa, wakubwa wakapigiana makofi.

Mavuno yakaisha. Qamara akasubiri arudishwe, nalo shamba liondolewe, kama Hermani alivyomweleza siku ya lori. Hakurudishwa. Tangu lini hatua ya kwanza ya wakubwa ikazaa ya pili? Dume lake jekundu lilipoanguka kwa kiu, aliwaswaga waliobaki hadi kwenye njia. Akakuta uzio umeiziba hatua chache kabla ya bwawa, Meneja na Hermani wakiukagua.

"Shikamoo, mzee," Hermani alisema.

"Marahaba. Shamba linaondolewa lini?"

"Shamba la serikali, mzee!" Meneja alicheka. "Hilo linangoja kibali cha Dar es Salaam."

"Na waya? Mlisema mkiniondoa mnaweka waya."

Meneja akaupapasa uzio kwa fahari. "Si huu? Wa miiba, tena wa kutoka nje."

Qamara akamgeukia Hermani. "Mwanangu, waya wako wa ubaoni unazuia?"

Hermani akatazama buti zake. "Hapana, mzee. Unapitisha kila kitu. Ukinzani wake sifuri."

"Basi huu mliuweka vibaya." Akachomoa koleo kiunoni mwa Hermani, akakata.

Ng'ombe wakamiminika. Upande wa pili trekta likaja, likapiga honi, likapiga tena. Ng'ombe hawajui honi.

"Hermani, fanya kitu!"

"Mikondo imekabiliana, Bwana Meneja. Inabidi tutoe."

"Tutoe nini?"

"Trekta," Qamara alijibu kutoka bwawani, ndama wake akinywa. "Lirudi nyuma taratibu. Wengine bado wanakuja."