Vidole vya Mfumaji

Baba yangu, mzee Obed Pelling, alikuwa mchungaji wa kondoo, na kwa ubishi aliwashinda kondoo wake. Nilipoolewa ng'ambo ya kilima na Jethro, mfumaji, alinuna majira mazima. Kazi ya kukaa kitako, alisema, si kazi ya mwanamume.

Jumatatu ya Pentekoste vijiji viwili, cha baba na cha mume wangu, vilikutana malishoni kucheza kriketi. Siku hizo tulisimika vijiti viwili tu, na katikati yake tukachimba shimo. Mpigaji akishapiga mpira na kukimbia, akiwahi kuchomeka gongo lake shimoni amepata mkimbio, yaani pointi moja. Mlinzi wa vijiti akimtangulia kwa kutia mpira humo, mpigaji ametolewa. Wakifika pamoja, vidole ndivyo huumia. Mlinzi wetu alikuwa Jethro, na mwaka uliotangulia alivunjwa kidole, akashindwa kufuma, tukashindia uji wa shayiri mpaka mavuno.

"Leo waachie wengine," nilimsihi.

"Nani mwingine ana mikono myepesi, mke wangu?"

"Myepesi kuvunjika."

Akacheka, akaenda zake. Mume wangu mpenzi, kichwa chake kigumu kama gogo la mwaloni.

Jioni timu ya kijiji cha baba ilibakiza mkimbio mmoja ishinde, na mpigaji wao wa mwisho alikuwa baba mwenyewe. Akapiga, akatoka mbio, gongo juu. Mpira ukarushwa, Jethro akaudaka, akapiga magoti na kuuzamisha shimoni, mkono mzima. Baba alikwisha fika. Nilitaka kufumba macho, nikashindwa.

Gongo likasimama hewani, shibiri moja juu ya vidole vya mume wangu.

Wenzake baba wakamjia juu. "Mzee, umetuuza. Mbona hukuchomeka?"

"Mgongo umenishika."

"Mgongo gani? Asubuhi si ulibeba kondoo dume?"

"Basi ndiye aliyeniumiza. Mna neno jingine?"

Kisha akainama bila taabu yoyote, akautoa mkono wa Jethro shimoni, akavikunjua vidole kimoja kimoja kama anayekagua kwato za mwanakondoo.

"Binti yangu anakula kwa hivi," aliwaambia. Nilimpenda siku ile hadi nikaona haya.

Akaanza kulifukia shimo kwa kisigino cha buti. Manahodha wa timu zote mbili wakamwachia. Alipomaliza, akachomoa kisu, akakwaruza mstari kwenye majani mbele ya vijiti.

"Kuanzia leo," akasema, "mtu avuke hapa tu, hakuna kuchomeka."