Mlango Usifunguke Mapema

Katika mambo yote aliyowahi kumtendea mkewe, Kobe hakuwahi kumtisha kama siku alipoanza kuwahi.

Jina la Kobe alipewa na madereva wenzake wa malori. Hawakulitoa kwenye mwendo, maana gari lilikuwa zima na mguu wake mzito, bali kwenye vituo. Kila penye mtu wa kusalimia, Kobe alisimama. Akisema atafika Jumatatu, mkewe, mshonaji wa sare za shule, alimpikia Jumatano. Na akifika haombi radhi, analeta kisa. Mara daraja lilikuwa limepelekwa kufuliwa. Mara mvua ilizidi hata akaendesha chini ya maji, samaki wanagonga kioo wakiomba lifti. Mara upepo ulilisukuma lori kinyumenyume mpaka akafika jana, ikabidi apaki kando asubiri leo imkute. Mshonaji alisimama mlangoni, mkono kiunoni, midomo kaibana, akijitahidi asicheke kabla hajamaliza kugomba. Mara nyingi alishindwa.

Kisha macho ya Kobe yakageuka manjano. Ngozi ikafuata, mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, na mwili mzima ukamwasha hata akawa anajikuna mgongo kwa rula ya mkewe ya kukatia nguo. Maumivu hakuwa nayo, na ndiyo maana hata hospitali alichelewa kwenda. Lakini tangu picha zionyeshe uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, alibadilika. Siku za kliniki wao ndio waliomkuta mlinzi akifungua geti huku anapiga miayo. Visa vikakatika. Ukimuuliza ameamkaje, anakwambia hasa alivyoamka.

"Wifi," dada yake Kobe alimnong'oneza mshonaji, "huyu si kaka yangu. Wametubadilishia."

Siku moja kabla ya upasuaji, daktari mpasuaji alikuja kitandani. Mwanamke mfupi, mpole wa sauti, asiyejua kuzunguka mbuyu. Alichora kwa kidole juu ya shuka.

"Kongosho liko hapa, nyuma ya tumbo la chakula. Mrija wa nyongo unapita kichwani mwake. Uvimbe umeubana, nyongo imekosa njia, imerudi kwenye damu. Ndiyo huo umanjano. Kesho nataka nikate kichwa cha kongosho, kipande cha utumbo mdogo, mfuko wa nyongo na ncha ya mrija wake. Kisha niunganishe vilivyobaki, chakula na nyongo vipate pa kupita."

"Unafumua gauni zima kwa ajili ya doa moja," mshonaji alisema.

"Hivyo hivyo, mama. Na kitambaa chenyewe ni laini kama siagi. Mshono wa kongosho ukivuja, tuna kazi nyingine."

"Na doa likitoka, limetoka?"

Daktari hakukwepa. "Hata tukiutoa wote, kwa wengi hurudi. Ndiyo maana baadaye kuna dawa za mshipani. Wanaovuka miaka mitano wapo, ila ni wachache. Tukiuacha, mara nyingi tunazungumzia miezi." Alivuta pumzi. "Picha zinaonyesha uvimbe unaweza kutoka. Lakini picha si macho. Nikifungua nikakuta mbegu zake zimeshaanguka kwenye ini, sitakata. Nitaitafutia nyongo njia ya kupita, nifunge."

"Sisi wa nje tutajuaje?" wifi yake, dada wa Kobe, akadakia.

"Kazi yenyewe ni ya kutwa. Mkiniona nimetoka mapema, si habari njema."

Asubuhi wakampandisha Kobe kwenye machela. Mshonaji aliinama, akamuuliza kwa sauti ile ile ya mlangoni, "Utarudi lini wewe?"

Akasubiri. Hata kisa kidogo, cha kuokoteza.

"Sijui, mke wangu," Kobe akasema.

Machela ikasukumwa, milango miwili ikapepea nyuma yake, wa kushoto ukalia kwenye bawaba.

Benchi lao lilitazamana na milango hiyo. Mwisho wa benchi alikaa fundi viatu, mapajani ameshika viatu vya kike vilivyotiwa soli mpya. Dada yake mkubwa alikuwa ndani, chumba cha pili, ana uvimbe kwenye ini.

"Wanakata upande mmoja," alieleza, macho yanang'aa. "Wanasema ini likikatwa linakua tena, mradi kibaki kipande kizima."

"Linakua tena?" wifi akauliza. "Basi mimi Mungu angeniumba ini kuanzia kiunoni kushuka. Magoti haya hayana mwenyewe tena."

Fundi viatu akacheka mpaka akajipangusa macho. "Mwenyewe amenituma viatu vyake. Kasema hatoki hospitali na soli zilizopinda, watu watadhani ni mgonjwa."

Jua lilikuwa bado kwenye dirisha la kwanza la ukumbi pale bawaba ilipolia. Alitoka daktari mwenye kofia ya kijani, barakoa imemfunika uso. Mshonaji alimshika wifi yake mkono hadi kucha zikaingia. Usiwe wangu, alisema moyoni. Usiwe wangu.

Hakuwa wake. Daktari, kijana mrefu, alipita mbele yao akachuchumaa kwa fundi viatu. Aliongea polepole. Walikuta umeenea pande zote mbili za ini, hawakukata, wamefunga. Dada ataamka, watakaa naye, wataongea.

Fundi viatu aliitikia kila neno kwa kichwa. Alipuliza vumbi kwenye viatu vile, na vumbi halikuwepo. Mshonaji, ambaye moyo ulikuwa umemshuka kwa nafuu, aliona aibu ikipanda ilikoshukia nafuu hiyo. Fundi viatu ndiye aliyesema.

"Dada, nakuombea ukae kwenye benchi hili mpaka uchoke."

Akaondoka, viatu kwapani.

Wakakaa. Jua likahamia dirisha la pili. Wifi alinunua chai, ikapoa. Kila mara bawaba ilipolia, ni mfagiaji, au muuguzi aliyesahau miwani, na mshonaji alikufa kidogo akafufuka.

Miaka yote aliomba mtu huyu awahi. Aliomba akiwa amefunika chakula kwa sinia. Aliomba akiwa dirishani, ameegemeza paji la uso kwenye nondo, akisikiliza lori lipumue breki zake kule kwenye kona. Sasa alizifuata dua zile moja moja, azirudishe. Achelewe. Asimame kila penye mtu wa kusalimia huko ndani. Alitamani vumbi la safari kwenye kola ya shati, lile alilolifua kwa kununa. Alitamani ule uso wa mtu asiye na kosa, na neno alilofungulia kila kisa: "Mama, hutaamini." Kweli hakuwahi kuamini, na leo angeamini hata daraja kufuliwa.

"Unalia, wifi?"

"Mwache achelewe," mshonaji akasema. "Usimwite."

Taa za ukumbi ziliwashwa. Ndipo mpasuaji akatoka, kamba za barakoa zimemchora mashavuni, akitembea kama aliyekaa kwenye basi safari ndefu.

"Uvimbe umetoka," alisema. "Ini lilikuwa safi kwa macho, na mshipa mkubwa wa damu haukuguswa. Kipande kinakwenda maabara. Watatuambia kama kingo ni safi na kama umefika kwenye tezi. Siku hizi za mwanzo tunachunga mishono. Niliyokueleza jana, mama, yote bado yako palepale."

"Nimeyashika, daktari," mshonaji akasema, akamshika na mikono.

Kesho yake mchana wakamruhusu kuingia, peke yake, amefungwa aproni ya hospitali. Kobe alikuwa amezungukwa na mirija, manjano bado iko machoni. Alifumbua jicho moja.

"Umechelewa," mshonaji akasema. Mkono, bila kuutuma, ulikuwa kiunoni.

Midomo mikavu ilisogea. Aliinama asikie.

"Mama, hutaamini... tulivyofika katikati... tukakuta..."

Akasinzia.

Nje, wifi alimrukia. "Kasemaje?"

"Ameanza kudanganya."

Wifi akajiziba mdomo kwa khanga, mabega yakamtetemeka, muuguzi akatokeza kichwa kuwanyamazisha.

Mshonaji alirudi kitandani, akavuta kiti. Ni visa vingapi vimebaki, hilo hata daktari hakuweza kumwambia. Lakini hiki kilikuwa kimeanza, na alitaka kujua walikuta nini huko katikati. Alikaza macho kwenye midomo ile, akangoja, kama alivyozoea.