Mwizi wa Hamira wa Gitega

Layla alikuwa akipanga mikate kwenye meza yake pembeni mwa soko la Muyinga, Monique alipomletea habari za Gitega. Monique aliuza vitenge, mtu wa Kivu Kusini, mwepesi wa kucheka kabla hajafika mwisho wa anachosema. Alikuwa ametoka Gitega na wanakwaya wenzake, na huko walipata kijana wa kuwatembeza mjini na kuwapa historia. Mengi aliyowaeleza hawakuwa wakiyajua. Lakini lililowavunja mbavu ni la mwanamke mmoja Mswahili wa wakati wa Wabelgiji, aliyemwibia Mzungu wake hamira akaificha kifuani, ikaumuka kwa joto la mwili mpaka kifua kikamsaliti mbele ya bwana mkubwa.

"Ule kijana anaweza, mama," Monique alisema huku akijifuta machozi. "Anaitwa Husni. Ukienda Gitega umutafute."

Layla alimfungia mikate akamtakia kazi njema. Hakumwambia kwamba Husni ni mdogo wake wa tumbo moja, wala kwamba huyo mwanamke wa hamira ni nyanya yao Salama, aliyewalea tangu mama yao alipofariki. Monique hakuwa na kosa. Lakini alipoondoka, Layla alifunga mfuko wa unga kabla ya saa ya kufunga. Kesho yake alimwachia jirani meza, akapanda gari la Gitega kupitia Karuzi.

Alimkuta Husni barabarani, mtaa wa Magarama, na kundi la wageni: walimu kadhaa kutoka kusini na Mkongomani mmoja mnene aliyeitwa Zihalirwa. Husni alikuwa na shati jeupe na sauti ya mtu anayejua anasikilizwa. Layla alisimama nyuma yao, kando ya duka la viatu, akamwacha aseme.

Na kwa kweli alisema vizuri. Aliwaambia kwamba Wajerumani walipohamishia utawala wao hapa kutoka Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1912, hakukuwa na mji wa kuitwa mji, ni vilima na baridi. Kwamba Wazungu waliandika Kitega, na jina hilo likakaa kwenye ramani zao miaka mingi. Kwamba jumba la makumbusho lilifunguliwa mwaka 1955, kabla nchi haijapata uhuru. Wanaoshangaa kwamba Gitega umekuwa mji mkuu, akasema, hawajui kuwa utawala ulikwishakaa hapa, ukashuka ziwani, ukapanda tena. Walimu waliitikia kwa vichwa. Layla mwenyewe alijikuta akisikiliza, na hilo lilimuudhi zaidi.

Kisha Husni akapunguza sauti, akatabasamu. "Sasa niwape moja ambayo haiko katika vitabu," akaanza. Akafika kwenye hamira. Akafika kwenye kifua. Akaonyesha kwa mikono jinsi kilivyopanda, na Zihalirwa akashika tumbo kwa kicheko.

Layla akapita katikati ya wageni.

"Waambie alikuwa nani wako," alisema.

Husni alishusha mikono. Alijaribu kucheka, akawaeleza wageni kwamba huyu ni dada yake, amekuja bila kumtaarifu. Layla hakumtazama tena. Aliwageukia wao.

"Ni nyanya yetu. Alitunyoa, akatuogesha, akatulisha. Kaburi lake liko hapa hapa Gitega."

Hakuna aliyejua pa kuweka macho. Mwalimu mmoja mwanamke alisema pole kwa sauti ndogo. Zihalirwa alivua kofia, akaishika tumboni pale pale alipokuwa amepashika kwa kucheka. Matembezi yaliishia hapo.

Nyumbani, mke wa Husni, Yasmina, aliwawekea chai, akaona nyuso zao, akaenda uani kuanua nguo ambazo hazijakauka. Husni ndiye aliyeanza. Alisema hakumtaja mtu jina. Alisema tangu wao wadogo mtaa mzima uliwaita wajukuu wa mwizi, na yeye ndiye aliyepigana shuleni kwa ajili ya jina hilo mpaka akang'oka jino, si Layla. Alipokua aliona afadhali watu wacheke kuliko wanong'one. Ile ya kifua aliiongeza mwenyewe, alikubali, kwa sababu watu wanapenda.

"Walimtembeza sokoni na kopo kichwani," Layla alisema. "Kopo la hamira, ili kila mtu aone. Wakamfunga. Alikuwa msichana, ana mtoto mgongoni. We unaona iko ya kuchekesha?"

"Mi sikumufunga. Mzungu ndiye alimufunga."

"Mzungu alikufa. Sasa ni we unamutembeza."

Husni alisukuma kikombe. Akasema jambo ambalo yeye alidhani ni la mwisho: kama hakuiba, hamira ilitoka wapi? Nyanya alikuwa mpishi wa yule Mzungu, siku hizo hamira ilikaa kwenye kabati la Wazungu tu, na mkate wake wa kuuza mtaani uliumuka kuliko wa bwana wake. Walipomuuliza alinyamaza. Mtu asiye na hatia angenyamaza?

Layla alikuwa amebeba jibu hilo tangu ujana wake. Nyanya alimpa siku alipomfundisha kukanda, akamwapisha asimwambie mtu. Layla alipanga kurudi nalo Muyinga kama alivyokuja nalo. Lakini alimtazama mdogo wake, mdomo umemkaa kama wa mtu aliyeshinda kesi, na hasira ikamfungua kinywa.

"Mashapo ya urwarwa," alisema.

Husni hakuelewa.

"Pombe ya ndizi. Alichukua mashapo kwa jirani, akayatia kwenye unga. Ndiyo yaliyoumua."

Aliendelea, kwa kuwa sasa hakukuwa na pa kurudi. Babu yao Mahmudu alikuwa akiwafundisha watoto Kurani. Mkate ule wa mashapo ya pombe ndio Waislamu wa mtaa waliofuturu nao nyumba kwa nyumba. Nyanya alisimama mbele ya Mzungu na mume wake yuko pale, akachagua: akisema kweli, anaepuka gereza lakini mume atamwacha, nyumba hana na watoto hana. Akachukua wizi.

"Na hakuacha," Layla alisema. "Kila mkate uliokula kwake ulikuwa ule."

Husni akajishika shavu, upande wa jino lililokosekana. Layla alidhani analia. Kisha akaona macho yake yanatembea, yanapanga, na akajua anaiona hadithi mpya ya kuwasimulia wageni.

"Usithubutu," alisema.

"Dada, hii ndiyo historia yenyewe. Hii watu watasimama—"

"Nimesema usithubutu."

Hapo Husni naye akapandwa. Alisimama. "Sasa nifanye nini? Nikisema kweli unanikataza. Nikinyamaza anabaki mwizi. Mji mzima unamujua kwa wizi. Unataka abaki hivyo?"

Kilichomuuma Layla kuliko vyote ni kwamba mjinga huyu alikuwa na haki. Alitoka akaenda uani, akamsaidia Yasmina kuanika upya nguo zile mbichi, akizikung'uta kwa nguvu mpaka Yasmina akasogea kando. Aliporudi alikuwa na neno moja.

"Sema hakuiba. Basi. Usiongeze."

Husni alilalamika kwamba hadithi yenye tundu namna hiyo hakuna anayeitaka. Layla akamwambia aizoee.

Asubuhi iliyofuata alifuatana naye. Wageni walikuwa wengine. Husni alisema ya Wajerumani, ya Kitega, ya mji mkuu. Kisha akasema kulikuwa na mwanamke hapa aliyeitwa Salama, mpishi, waliyemtembeza sokoni kwa wizi wa hamira, na hakuiba. Kijana mmoja akauliza hamira aliitoa wapi basi, na kwa nini hakujitetea.

Husni alimtazama dada yake. Layla alikaza uso.

"Hilo ni lake," Husni akasema. "Alikuwa nyanya yangu." Akawaongoza mbele, haraka, kabla hawajauliza tena.

Mchana alimsindikiza kwenye magari ya Muyinga, akimbebea mfuko. Aliuliza kama anaweza kuja Idi na Yasmina. Layla alimwambia waje. Hakumshika mkono.

Gari lilipoanza kupanda, alingoja hasira ishuke, haikushuka. Iliwapitia wote: Mzungu, babu Mahmudu na vitabu vyake, soko lililocheka, Husni. Mbele ya Karuzi ilimfikia nyanya mwenyewe, aliyempa msichana mdogo mzigo wa siri kama ile, akafa, akamwacha nao.